Mzee Ndani ya Nguo za Darna: Kicheko Kilichomponza Mfalme wa Vichekesho

Wadau, vuta picha. Mwaka 1979, Ufilipino. Kwenye pazia la sinema anatokea mwanaume mwembamba aliyegonga miaka 50. Kichwani kofia ya chuma yenye jiwe jekundu, chini vazi la kuogelea la kike lenye nyota. Kila Mfilipino anajua nguo zile ni za nani. Ni za Darna, na Darna ni mwanamke.

Filamu yenyewe inaitwa Darna, Kuno...? Hilo "kuno" ni la Kitagalogi, na Waswahili tuna neno lililokaa pale pale: eti. Yaani Darna, eti? Jina peke yake lishakuambia unaenda kucheka.

Sasa usimchukulie Darna poa. Wengi wetu huku tunawajua Wafilipino kwa zile tamthilia za mapenzi na mama wakwe wenye roho mbaya, lakini kwao huyu dada ni mkubwa kama Superman kwa Wamarekani. Alibuniwa na mwandishi Mars Ravelo. Mwaka 1947 alimtoa kwenye jarida moja kwa jina la Varga, akaja kuachana na jarida hilo, jina likabaki huko huko. Ravelo hakulia. Mwaka 1950 akambatiza upya, mchoraji Nestor Redondo akamchora, Darna akazaliwa. Hadithi yake ni nyepesi: binti wa kawaida wa kijijini, Narda, anameza jiwe dogo jeupe, anapiga kelele "Darna!", basi anapaa. Mdogo wake Ding ndiye msiri wake.

Magazeti hayo ya katuni yalikuwa ya watu wa chini. Asiye na hela ya kununua alikodi, akasoma pale pale kibandani, akarudisha. Kama vibanda umiza vya mpira tu, ila vya kusoma. Mwaka 1951 Darna akaingia kwenye sinema, na mwaka 1973 akachezwa na Vilma Santos, binti aliyetikisa nchi nzima. Huyo Vilma baadaye alikuja kuwa gavana wa mkoa wa Batangas, kwa hiyo kupaa alipaa kweli.

Halafu anakuja mzee mzima kuvaa nguo zile zile.

Jina lake la sanaa ni Dolphy. Alizaliwa 1928 Tondo, mtaa wa maskini wa Manila, na utotoni alikuwa anauza karanga na mbegu za tikiti ndani ya majumba ya sinema. Yaani alikuwa anatazama filamu huku anatafuta hela ya kula. Mchezo wa kuwakejeli mashujaa hakuuanza na Darna. Mwaka 1966, Batman wa televisheni ya Marekani akiwa moto, Dolphy alitoka na James Batman, akacheza Batman na James Bond peke yake, wote wawili! Ruhusa kutoka Hollywood? Enzi zile Manila nani aliuliza.

Ila 1979 hali ilikuwa nyingine. Rais Ferdinand Marcos alishatangaza utawala wa kijeshi tangu 1972, na kila filamu ilipita kwa wakaguzi. Mwaka huo huo wa 1979 serikali ilipiga marufuku katuni ya Kijapani ya Voltes V, roboti kubwa lililopendwa na watoto, zikiwa zimebaki sehemu chache tu iishe. Watoto wa enzi hizo wamezeeka na kinyongo. Roboti likafungiwa, mzee mwenye vazi la kike akapita. Kuna kitu hapo: kichekesho kinapita mlango ambao mambo mengine yanazuiwa, kwa sababu wakubwa wanadhani ni upuuzi tu.

Lakini si wote waliocheka. Kucheza mwanaume mwenye tabia za kike ilikuwa kazi ya Dolphy tangu Jack en Jill ya 1954, na mwaka 1969 akaipiga muhuri kwa Facifica Falayfay, kijana aliyelelewa na mama yake kama binti. Watu wakavunjika mbavu. Lakini kwa mashoga wa mitaani, kicheko hicho kilitoka nao sinema kikawafuata hadi nyumbani.

Na bado huwezi kumweka Dolphy kwenye kapu moja. Mwaka mmoja kabla ya Darna, 1978, alicheza Ang Tatay Kong Nanay ya mwongozaji Lino Brocka, kama shoga anayelea mtoto asiye wake. Hapo hakuna mbwembwe. Ni baba anayejificha ili mtoto asione aibu, na ukiitazama koo linakaba. Ni mtu yule yule!

Deni likaja kudaiwa uzeeni. Mwaka 2009 jina lake lilifika mezani kwa tuzo ya Msanii wa Taifa, heshima kubwa kuliko zote kwa wasanii wa Ufilipino. Halikupita. Mwaka 2012 mzee akiwa mahututi, mmoja wa majaji, msomi wa filamu, akajitokeza kueleza kwamba yeye alimpinga: Facifica aliwachora mashoga vibaya, na John Puruntong, baba maskini wa kipindi cha John en Marsha, aliwafundisha maskini kuridhika na hali yao. Mashabiki wakawaka. Wapo waliosema msomi ana hoja, ila muda ule, na mgonjwa yuko kitandani, haukuwa wake. Hoja ilikuwepo kweli. Lakini jaji aliyempima kwa Facifica alipaswa kumpima na kwa yule baba wa 1978 pia.

Rais Benigno Aquino III alishampa nishani nyingine ya juu mwaka 2010. Ile ya Msanii wa Taifa haikuja. Dolphy alifariki tarehe 10 Julai 2012, zikiwa zimebaki siku 15 atimize miaka 84.