Vichwa vya Treni Aina ya 88: Nusu Karne ya Kazi Nyuma ya Mizigo ya Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera hazijawahi kupitiwa na reli. Mkazi wa Lusahunga, Nyakahura au Rusumo huona malori barabarani, wala si mabehewa. Hata hivyo, kwa miongo mingi sehemu ya saruji, mafuta, mbolea na chakula kinachopita katika wilaya hizo ilianza safari yake Dar es Salaam nyuma ya kichwa cha treni cha dizeli, ikapakuliwa Isaka na kupandishwa kwenye malori.

Katika miongo hiyo, aina moja ya kichwa ilibeba sehemu kubwa ya kazi ya njia kuu. Hiyo ni aina ya 88, iliyoanza kuingia nchini mwaka 1972. Historia yake inaeleza jambo ambalo mwananchi aliye mbali na reli hulipata kwa njia ya bei na uhaba wa bidhaa: nguvu ya reli haipimwi kwa idadi ya vichwa vilivyoandikwa katika daftari, bali kwa idadi ya vile vinavyoweza kutoka karakana asubuhi na kuvuta mzigo hadi mwisho wa safari.

Asili ya aina ya 88

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Njia hiyo ni ya geji ya mita moja, na kwa miaka mingi treni zake zilivutwa kwa mvuke. Baada ya vita vikuu vya pili, Afrika Mashariki ilianza kuhamia kwenye dizeli hatua kwa hatua, kwa kuwa injini ya mvuke huhitaji maji mengi, kuni, makaa au mafuta mazito, na muda mrefu wa kuiandaa kabla ya safari.

Vichwa vya aina ya 88 viliagizwa wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa bado chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vilitengenezwa Kanada na kiwanda cha Montreal Locomotive Works kwa muundo uitwao MX620. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya kichwa hutaja aina, na mbili za mwisho hutaja nafasi yake katika kundi. Kwa mfano, namba 8805 ni kichwa cha tano cha aina hiyo. Shirika la pamoja lilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania kuundwa, vichwa hivyo vilibaki kuwa nguzo ya njia kuu ya Tanzania.

Namna kinavyofanya kazi

Ndani ya kila kichwa mna injini ya dizeli yenye silinda 12 na uwezo wa nguvu farasi 2,000. Injini hiyo haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, na umeme unaozalishwa hupelekwa kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli sita za kichwa. Kwa hiyo kichwa cha namna hii ni kituo kidogo cha umeme kinachotembea. Faida yake ni kwamba huweza kuanza kuvuta mzigo mzito polepole bila kishindo. Mvua inapolowesha reli na magurudumu kuteleza, dereva humwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu ili yashike.

Uzito wa kichwa kugawanywa kwenye ekseli sita badala ya nne ni jambo muhimu kwa njia ya geji ya mita, hasa mahali penye reli nyepesi na madaraja ya zamani. Hupunguza mzigo unaokandamiza kila sehemu ya njia, na hivyo huruhusu kichwa chenye nguvu kupita bila kuiharibu.

Injini yenyewe ni ya familia ya ALCO 251, iliyobuniwa Marekani na kuenea duniani. Nchini Australia, injini za familia hiyo ziliendesha vichwa vya aina ya 44 vya jimbo la New South Wales kuanzia mwaka 1957. India nayo ilizitengeneza kwa leseni katika kiwanda cha Varanasi, na kutoka huko Tanzania ilipata vichwa vidogo zaidi vya aina ya 73.

Undugu huo ulikuwa na maana kubwa. ALCO iliacha kutengeneza vichwa vya treni mwaka 1969, na kiwanda cha Montreal kikaacha kazi hiyo katika miaka ya 1980. Kwa kawaida, kifo cha kiwanda hufuatwa na kifo cha mashine zake, kwa kuwa vipuri hukosekana. Injini hizi zilisalimika kwa sababu India iliendelea kuzalisha za familia hiyo kwa miongo mingine kadhaa.

Isaka, mahali reli inapokabidhi mzigo kwa barabara

Kituo cha Isaka kipo wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, katika tawi la Tabora hadi Mwanza, umbali wa kilomita 970 hivi kutoka Dar es Salaam kwa reli. Bandari kavu ilifunguliwa hapo mwaka 1999 ili kuhudumia mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kutoka Isaka malori hupita Kahama na Ushirombo, huingia wilaya ya Biharamulo katika eneo la Nyakanazi, hufika Lusahunga, kisha huendelea kilomita 92 hadi mpaka wa Rusumo wilayani Ngara. Mengine hugeukia mpaka wa Kabanga kuelekea Burundi.

Hesabu rahisi huonyesha thamani ya kichwa kimoja katika mnyororo huo. Behewa la geji ya mita hubeba takriban tani 40. Treni ya mabehewa 20 hubeba tani 800, mzigo ambao ungehitaji malori 27 ya tani 30 kila moja. Kichwa kimoja kinapokosekana, mzigo huo hubaki bandarini au hupelekwa wote kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kwa gharama kubwa zaidi na kwa kuichakaza barabara yenyewe.

Mwaka 1994

Umuhimu wa mnyororo huo ulionekana wazi mwishoni mwa Aprili 1994. Katika muda wa saa 24 hivi kuanzia tarehe 28, takriban Wanyarwanda 250,000 waliokimbia mauaji na vita walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wengi walipata hifadhi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Italia iliyojenga barabara. Idadi hiyo ilizidi ile ya wakazi wa wilaya nzima wakati huo. Wenyeji waligawana nao maji, kuni na ardhi, lakini hakuna wilaya ambayo ingeweza kuwalisha watu hao kwa mavuno yake.

Mtu mmoja akipewa nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, watu 250,000 huhitaji tani 125 kila siku, sawa na mzigo wa mabehewa zaidi ya matatu, bila kusimama hata siku ya mapumziko. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitumia Reli ya Kati kupeleka chakula Isaka, na malori yakakimalizia safari hadi Ngara. Vichwa vya aina ya 88 ndivyo vilivyokuwa vichwa vikubwa vya njia kuu katika kipindi hicho, na vingi vilikuwa vimekwisha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 15. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejea kwao Desemba 1996.

Miaka ya kudorora

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Reli ya Kati ilisafirisha takriban tani milioni 1.4 za mizigo kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2012, kiasi hicho kilikuwa kimeshuka chini ya tani 300,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Ukodishaji wa shirika kwa kampuni ya RITES ya India, ulioanza mwaka 2007, ulivunjika, na Serikali ikalirejesha shirika mikononi mwake mwaka 2011. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalikuwa yameharibu njia, na yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata tena kati ya Kilosa na Gulwe.

Ubovu wa njia hula nguvu ya vichwa kwa namna isiyoonekana haraka. Kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, safari ya Dar es Salaam hadi Isaka huchukua saa 32, bila kuhesabu muda wa kupishana na treni nyingine. Mwendo ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa, safari huchukua saa 48. Kichwa kile kile, chenye nguvu zile zile, hupoteza zaidi ya siku nzima katika kwenda na kurudi. Kwa mwaka, hasara hiyo ni sawa na kupoteza vichwa kadhaa ambavyo havijaharibika.

Karakana na uhai wa kichwa

Matengenezo makubwa ya vichwa vya dizeli hufanyika katika karakana ya Morogoro. Huko injini hufunguliwa, pistoni na silinda hubadilishwa, mota husukwa nyaya upya na magurudumu yaliyolika huchongwa au kuondolewa. Baadhi ya vichwa vya aina ya 88 viliundwa upya hapo na kurudishwa njiani. Vingine viligeuzwa kuwa chanzo cha vipuri, njia iliyowezesha vilivyobaki kuendelea kutembea lakini iliyopunguza kundi mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2015 shirika lilipokea vichwa vipya 13 vya njia kuu kutoka kampuni ya Electro-Motive Diesel ya Marekani, na mzigo mkubwa ukaanza kuhamia kwa vijana hao. Mradi wa kuboresha njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, uliopata mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2014, uliimarisha reli na madaraja na kuongeza vichwa vitatu pamoja na mabehewa 44. Mwaka 2017 Sheria ya Reli iliunganisha usimamizi wa miundombinu na uendeshaji chini ya Shirika la Reli Tanzania la sasa.

Reli kuelekea Ngara

Tangu Juni 2024 treni za abiria za umeme zinatembea kati ya Dar es Salaam na Morogoro katika reli ya kisasa, na baadaye mwaka huo huduma ilifika Dodoma. Reli ya geji ya mita inaendelea kuhudumia mizigo, na dizeli bado ndiyo nguvu yake.

Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo. Mpango huo una maana ya pekee kwa Ngara, penye hazina ya nikeli ya Kabanga. Makubaliano ya Januari 2021 kati ya Serikali na mwekezaji yaliunda kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16. Madini mazito ni mzigo unaofaa reli kuliko lori, na Kahama, palipopangwa kiwanda cha kusafishia, pako jirani na Isaka.

Reli hiyo itakapojengwa, mkazi wa Ngara na Biharamulo ataona kwa macho yake kile ambacho kwa miaka 50 kilimfikia kwa lori. Somo la aina ya 88 litabaki lile lile kwa vichwa vya umeme: ununuzi ni siku moja, lakini uhai wa kichwa hutegemea njia iliyotunzwa, karakana yenye mafundi na ghala lenye vipuri kila siku ya utumishi wake.