Hati, Ardhi na Mateso ya Mji: Ulimbwende Ukisomwa kutoka Kitengela

Uhakiki wa ushairi wa Ulimbwende wa Uingereza aghalabu huyatenga mambo mawili: sifa za shamba na laana ya mji. Historia ya Kajiado inaonyesha kwamba mgawanyo huo unapotosha, kwani mateso ya mji huweza kuanzia malishoni, pale ardhi inapogeuzwa kuwa karatasi.

Katika "Michael" (1800), William Wordsworth anasimulia habari za mchungaji mzee aliyemdhamini mtoto wa nduguye, na ambaye, ili ardhi yake isiuzwe kulipia deni, anampeleka mwanawe wa pekee mjini kutafuta fedha. Kijana anapotoka na kutorokea ng'ambo. Wazee wanapofariki, ardhi inaangukia mikononi mwa mgeni. Mwaka 1801 Wordsworth alimpelekea mwanasiasa Charles James Fox diwani yenye shairi hilo, akimweleza kuwa kipande cha ardhi ya urithi ndicho kinachoyashikiza mapenzi ya jamaa. Kwake, basi, umiliki wa mtu binafsi ni ngao.

Kitengela inaitia shaka hoja hiyo. Baada ya Wamaasai kuhamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, sheria ya 1968 iliruhusu ranchi za kikundi. Lakini kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi, ya Kitengela ikiwamo, ziligawanywa kwa hatimiliki za watu binafsi. Wapo wafugaji walioidai hati hiyo ili kujikinga na wanyakuzi. Hata hivyo, ngao ikawa mlango, kwani chenye hati huuzika. Ploti zikauzwa, nyua zikaziba njia za mifugo na za wanyamapori watokao Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mji ukatanuka, hasa baada ya sheria ya 1990 kuleta viwanda vya bidhaa za kuuza nje huko Athi River.

Hapa William Blake anafaa zaidi kuwa mwongozo. Katika rasimu ya "London", shairi lililochapishwa 1794, mitaa na mto Thames vilikuwa kwanza "vichafu". Kisha akalifuta neno hilo, akaweka lenye maana ya kumilikishwa kwa hati. Badiliko la neno moja limebeba uhakiki mzima wa jamii: uchafu hufagiliwa, bali hati hulindwa na sheria. Hivyo, mhakiki anayeyatafuta mateso ya mji katika moshi na msongamano pekee amefika yakiwa yamekwisha kutendeka.