Nani Alibeba Kitanda?

Mwezi uliopita tulikuwa sita kibarazani, hapa Shinyanga mjini, tukipanga kwenda kupiga kambi kando ya Ziwa, upande wa Geita. Chakula tulikubaliana kwa dakika tano. Hema tukapata la kuazima. Kilichotugombanisha ni malalo. Mshikaji mmoja akalisifia godoro lake la upepo, la kujaza kwa pampu ya mguu. Mwingine akasema hiyo ni balaa, mwiba mmoja tu wa mgunga na saa nane za usiku uko chini, bora sponji. Wa tatu akacheka: sponji likilowa utalibeba wewe? Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikuwa nafikiria kiroba cha nyasi.

Nitakieleza hicho kiroba, msomaji, lakini kwanza turudi nyuma, maana ubishi wetu ule haukuanza kibarazani kwetu.

Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, jirani na Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini. Mwenzake Richard Burton alibaki nyuma. Njia ile ilipita katika nchi ambayo leo ni mkoa wetu wa Shinyanga, na tarehe 3 Agosti Speke akaliona Ziwa akiwa Mwanza. Shuleni tulifundishwa habari ya Ziwa tu. Mimi nimekuwa nikijiuliza habari ya usiku wa katikati, maana Julai ni kipupwe, na anayeijua Shinyanga anajua ardhi yake inavyopoa kabla ya alfajiri.

Watu wa misafara walikuwa na utaratibu wao, na Burton aliueleza katika kitabu alichochapisha mwaka 1860. Kambi ya njiani ilizungushiwa uzio wa miiba. Ndani vilijengwa vibanda vya matawi na nyasi, na msafara ukiondoka, vibanda vikabaki kwa ajili ya watakaofuata. Urithi huo ulikuwa na papasi wake, bila shaka, lakini ulikuwa urithi. Mpagazi wa Kinyamwezi au wa Kisukuma alichukua mzigo wa tajiri, mara nyingi kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Halafu akaongeza vyake: chungu, kibuyu, na ngozi au mkeka wa kulalia.

Hapo ndipo hesabu yote ilipo. Kila ratili ya starehe yake aliibeba mwenyewe, na hakulipwa kwa hiyo. Kwa hiyo akabeba kitu chembamba, na unene akautafuta pale alipofika: nyasi kavu chini, ngozi juu, moto ubavuni.

Wakubwa wa misafara hesabu yao ilikuwa nyingine. Hema, meza, kitanda, kila kimoja kilikuwa na bega la mtu mwingine. Henry Morton Stanley ndiye aliyetia fora. Alikuja na mashua, Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, imetenganishwa vipande, ikapita Usukuma juu ya watu mpaka ikafika Kagehyi, pwani ya Ziwa, Februari 1875. Mtu anayebebewa mashua hawezi kukosa wa kumbebea kitanda.

Mwaka uliofuata, 1876, huko Wales, mfanyabiashara Pryce Pryce-Jones alisajili uvumbuzi wake: blanketi la sufu la kujikunjia ndani kama mfuko, lenye mto wa mpira wa kujaza upepo. Jeshi la Urusi likawa mteja wake mkubwa. Karibu miaka mia baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi waliowahi kufanya kazi Boeing, huko Seattle, Marekani, wakatengeneza godoro la sponji lililofungwa ndani ya ganda lisilopitisha hewa. Unafungua kizibo, sponji linatanuka na kuvuta upepo lenyewe. Asubuhi unalikunja na kulikamua.

Siri yake ni moja. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia. Godoro la upepo mtupu lina hewa nyingi, lakini inazunguka humo ndani na kupeleka joto lako ardhini. Blanketi nalo ukililalia linabanwa, hewa inatoka, na upande wa chini unabaki na kitambaa tu. Sponji huishika hewa vipande vipande. Nyasi kavu hufanya kazi hiyohiyo, na mpagazi alizitumia bila kwenda Seattle.

Halafu ikaja zama ya migodi. Mgodi wa kwanza wa Geita ulianza miaka ya 1930 na kufungwa 1966. Mwadui ulianzishwa baada ya John Williamson kupata almasi mwaka 1940, ukawa mji kabisa. Humo kampuni ilijenga nyumba, na mtu mwenye nyumba hana haja ya makala hii. Ninaowazungumzia ni wachimbaji wadogo, wale wanaofuata rashi. Leo wako huku, kesho dhahabu imesikika kwingine. Agosti 1996 wale wa Bulyanhulu, Kahama, waliamriwa kuondoka kwa muda mfupi sana. Yalizuka madai kwamba kuna waliofukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zikakanusha, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Anayeishi akijua anaweza kuambiwa ondoka hanunui godoro asiloweza kutembea nalo.

Mwaka 2008, likizo, nilimfuata mjomba machimboni, upande wa Geita. Mama alininunulia sponji la inchi mbili, nikashuka nalo kwenye gari nimelikumbatia, watu wakacheka. Kibanda cha mjomba kilikuwa cha nailoni. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha fito juu ya vigingi vinne, na juu yake kiroba kilichojazwa nyasi na kushonwa mdomo. Kililaliwa kwa zamu: mmoja akiingia duarani, mwenzake anakuta joto lake.

Usiku wa tatu mvua ilishuka. Maji yakapita chini ya nailoni, sponji langu likayanywa yote. Mjomba alinishika mkono gizani.

"Panda huku, mjomba."

"Na wewe?"

"Mimi nitalinda mali."

Mali ni viroba vya mawe yaliyokuwa yanasubiri karasha. Alitandika salfeti mbili tupu juu yake akajinyoosha. Chandarua kilikuwa kimoja, kimefungwa kitandani. Nililala mpaka jua likachoma nailoni, usingizi mtamu kuliko wa nyumbani. Nilipoamka alikuwa ameshaingia shimoni.

Wiki mbili baadaye, nimesharudi shule, ikaja habari kwamba homa imemlaza. Huenda ni mbu wa usiku ule, huenda ni wa usiku mwingine wowote. Alipona, ila alipotoka kitandani nafasi yake duarani ilikuwa na mtu mwingine, na duara lile ndilo lililokuja kutoa. Nilipothubutu kumuuliza, miaka baadaye, alijibu kwa swali: "Si ulilala?"

Kibarazani jioni ile tulipatana kwamba kila mtu abebe malalo yake, na mwenye godoro la upepo atandike nyasi chini yake asije akatetemeka. Vyandarua ni sita, si vitatu. Hilo nililishupalia mpaka wakachoka. Nimeshafua viroba viwili na viko kwenye kamba. Nyasi nitazikuta huko. Kimoja ni cha mjomba, nimemwalika, akauliza kama kuna mawe ya kulinda.