Historia inatufunza: mtihani wa akili waweza kuwa mtihani wa lugha

KILA matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa nchini, mazungumzo huwa ni yale yale. Nani ameongoza? Shule ipi imeteleza? Wizi wa mtihani umepungua au umezidi? Wazazi huwabeba watoto wao mabegani, wapigapicha husukumana, na baada ya siku chache habari huwa imechacha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo chini ya hayo yote: alama hii imepima nini hasa?

Wapo watu ambao kazi yao ni kuuliza swali hilo. Hawa ni wataalamu wa upimaji. Mwalimu wa hisabati anajua hisabati, na mtunzi wa mtihani anaijua silabasi. Mtaalamu wa upimaji huja na maswali yenye ukaidi kidogo. Je, mtahiniwa huyu akifanya mtihani mwingine wa aina hii wiki ijayo atapata alama iliyo karibu na hii? Hilo huitwa uthabiti. Je, alama hii inatuambia kile tunachodai inatuambia? Hilo huitwa uhalali. Mambo haya mawili si mamoja. Mizani ya duka iliyochezewa yaweza kuwa thabiti kabisa: itakuibia gramu mia zile zile asubuhi na jioni.

Leo nataka kusimulia kisa cha mtaalamu mmoja wa fani hii aliyeichezea mizani bila kujua, akahukumu mamilioni ya watu kwayo, kisha akasimama hadharani na kukiri kwamba hukumu yake haikuwa na msingi. Kosa lake lilihusu lugha, na ndiyo sababu kisa hiki kinatuhusu sisi wapenzi wa lugha.

Tuanzie Paris. Mwaka 1904, serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza namna ya kuwashughulikia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka uliofuata, mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Theodore Simon walitoa mfululizo wa majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu. Shabaha ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet mwenyewe alionya kwamba akili haipimwi jinsi tunavyopima urefu wa kitambaa. Aidha, aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtoto ikishapimwa basi haiwezi kuongezeka. Alifariki mwaka 1911.

Jaribio lake lilivuka Bahari ya Atlantiki, lakini onyo lake likaachwa bandarini. Nchini Marekani, wanasaikolojia kadhaa walilichukua kama kipimo cha kitu cha kurithi, kisichobadilika, ambacho mtu huzaliwa nacho na kufa nacho. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, kundi lililoongozwa na Robert Yerkes lilipata fursa ya kupima watu kwa wingi usiowahi kuonekana. Wanajeshi wapatao milioni 1.7 walipewa majaribio ya akili.

Majaribio hayo yalikuwa ya aina mbili. La kwanza, Alpha, lilikuwa la wale waliojua kusoma Kiingereza. La pili, Beta, lilikuwa la wasiojua kusoma na la wahamiaji wasiojua Kiingereza. Katika Beta, maagizo yalitolewa kwa ishara na mifano ubaoni, na maswali mengi yalikuwa ya michoro. Waliolibuni walidhani kwamba ukiondoa maneno umeondoa lugha na utamaduni. Wapi! Askari alionyeshwa mchoro wa uwanja wa tenisi usio na wavu, au balbu ya umeme isiyo na uzi wake wa ndani, akatakiwa achore kilichokosekana. Mkulima kutoka kijiji cha kusini mwa Italia, ambaye hajawahi kuuona mchezo wa tenisi wala kuwasha taa ya umeme, angejuaje? Katika Alpha nako kulikuwa na maswali kuhusu wachezaji wa besiboli na majina ya bidhaa za madukani Marekani. Hilo lilihesabiwa kuwa akili ya kuzaliwa!

Mmoja wa wanasaikolojia vijana walioutumikia mpango huo alikuwa Carl Brigham, aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kuhusu akili ya Wamarekani kilichotegemea takwimu hizo za jeshi. Aliyapanga mataifa kama timu kwenye jedwali la ligi. Watu wa asili ya kaskazini mwa Ulaya aliwaweka juu. Waliotoka Italia, Poland na Urusi aliwaweka chini. Wamarekani weusi aliwaweka chini zaidi.

Katika takwimu zake mlikuwa na jambo ambalo lingemshtua mpimaji makini. Kadiri mhamiaji alivyokuwa ameishi Marekani miaka mingi, ndivyo alama zake zilivyopanda. Waliokuwa wamekaa miaka 20 walilingana na waliozaliwa huko, na waliofika majuzi walikuwa mkiani. Mtu wa kawaida sokoni angekwambia mara moja: hao wa zamani wamejifunza Kiingereza na mambo ya nchi. Brigham alikataa maelezo hayo mepesi. Alisema wahamiaji wa zamani walitoka katika mbari bora, na kwamba ubora wa wanaoingia ulikuwa ukishuka mwaka baada ya mwaka.

Kitabu hicho kilitoka wakati siasa za chuki dhidi ya wageni zilikuwa zimepamba moto. Mwaka 1924, bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyobana mno uhamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya na kuwafungia mlango Waasia wengi. Wanahistoria wanabishana kuhusu kiasi ambacho majaribio ya akili yalichangia, kwa maana wabunge walikuwa na sababu zao nyingine. Hata hivyo, waliotaka mlango ufungwe walipata nambari za kushika mkononi, na nambari ina namna ya kumnyamazisha mtu.

Si wote walionyamaza. Mwanahabari Walter Lippmann aliyashambulia majaribio hayo mwaka 1922. Msomi kijana Mmarekani mweusi, Horace Mann Bond, naye aliyakosoa mwaka 1924 katika jarida la The Crisis. Takwimu zile zile za jeshi zilionyesha kwamba wanajeshi weusi kutoka majimbo ya kaskazini kama New York, Illinois na Ohio walipata wastani wa juu kuliko wazungu kutoka Mississippi, Kentucky na Arkansas. Kama kipimo kilipima mbari, hilo liliwezekanaje? Jibu lilikuwa wazi kwa aliyetaka kuliona: shule za kaskazini zilikuwa bora.

Brigham, kwa upande wake, aliendelea kupanda ngazi. Aliiongoza kamati iliyounda mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo vikuu, uliofanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 na watahiniwa 8,040. Kazi hiyo ya kila siku ya kulichambua swali moja moja ndiyo iliyombadilisha. Aligundua kwamba sehemu mbalimbali za jaribio hupima vitu tofauti, na kwamba kuzijumlisha na kuita jumla hiyo "akili" ni sawa na kujumlisha kilo na mita.

Mwaka 1930, katika jarida la wanasaikolojia wenzake, Brigham alifanya jambo ambalo wasomi wengi hatuliwezi. Alieleza kwamba majaribio yaliyopo hayawezi kutumiwa kulinganisha mataifa na mbari, hasa pale ambapo mtu anapimwa kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao. Kisha akautaja utafiti wake mwenyewe kuwa miongoni mwa tafiti zilizojidai kupita kiasi, na kwamba haukuwa na msingi. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini sheria ya 1924 haikungojea toba ya profesa. Iliendelea kutumika kwa miongo kadhaa.

Msomaji atauliza, hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Yalifika hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanasaikolojia R. A. C. Oliver kutoka Uingereza, kwa ufadhili wa Shirika la Carnegie la Marekani, aliunda jaribio la akili kwa ajili ya Waafrika, likachapishwa Nairobi mwaka 1932. Aliwalinganisha wanafunzi wa Alliance High School na wale wa shule ya wazungu ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Wastani wa wazungu ulikuwa juu. Oliver alitahadharisha kwamba tofauti za malezi na masomo zilikuwa kubwa mno kuruhusu hitimisho kuhusu akili ya kuzaliwa. Lakini katika koloni hili walikuwapo watu kama Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, waliokuwa wakitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika una kasoro. Watu wa namna hiyo huichukua nambari na kuiacha tahadhari.

Hapo ndipo penye fundisho la kisa hiki. Kazi kubwa ya mtaalamu wa upimaji si kutoa nambari. Nambari hata mashine inaweza kutoa. Kazi yake ni kusema nambari hiyo inaishia wapi, na kulisema hilo kabla watu hawajahukumiwa kwayo.

Tuitazame mitihani yetu kwa jicho hilo. Katika mtihani wa zamani wa CPE, watoto walitahiniwa Kiingereza, hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikutahiniwa hadi KCPE ilipoanza mwaka 1985. Tangu hapo hadi KCPE ya mwisho mwaka 2023, hisabati na sayansi ziliulizwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyelelewa Marsabit kwa Kiborana anapokosa swali la hisabati lenye mistari minne ya Kiingereza, je, ameshindwa na hesabu au ameshindwa na sentensi? Alama pekee haiwezi kutuambia. Hata hivyo alama hiyo ilimpeleka mmoja shule ya kitaifa na mwingine shule ya kutwa isiyo na maabara.

Na sisi wa Kiswahili tusijitoe lawamani. Ukimchorea mtoto wa Mandera jahazi lisilo na foromali na kumuuliza kilichokosekana, umefanya yale yale ya wavu wa tenisi. Ukitunga ufahamu uliojaa msamiati wa uvuvi, mtoto wa Lamu ameshakuwa mbele kabla hajasoma swali. Kiswahili ni lugha ya taifa, ila si lugha ya kwanza ya kila mtoto wa taifa.

Zipo njia za kulishughulikia tatizo hili. Maswali hujaribishwa kwanza kwa wanafunzi wachache wa sehemu mbalimbali. Swali ambalo wanafunzi hodari wanalikosa na dhaifu wanalipata hutupwa, kwa sababu lina kasoro. Wanafunzi wenye uwezo sawa lakini kutoka jamii tofauti hulinganishwa swali kwa swali. Kundi moja likianguka kwenye swali fulani pekee, hulichunguzwa neno kwa neno. Kazi hii inahitaji mtaalamu wa takwimu akae meza moja na mtaalamu wa lugha. Katika vyuo vyetu vikuu, wawili hawa mara nyingi hawajuani hata kwa majina.

Sasa tumo katika mtaala wa umilisi, na tathmini ya Gredi ya Sita ilianza mwaka 2022. Tumebadilisha majina ya mitihani na namna ya kuandika alama. Baraza la mitihani lingetufaa sana iwapo, pamoja na matokeo, lingetangaza pia uchambuzi wa maswali yenyewe: yapi yaliwaonea watoto wa wapi, na kwa sababu ya maneno gani. Brigham aliungama miaka saba baada ya kitabu chake kutoka. Mtoto anayengoja kupangiwa shule hana miaka saba ya kungoja.