Pombe Yetu na Kipimo cha Kiini cha Seli

Gisenyi hakuna anayehitaji kuelezwa pombe ni nini. Mji una ikigage, pombe ya mtama ya Wanyarwanda tangu zama, na una kiwanda cha Bralirwa, kilichoanzishwa 1957 kando ya Ziwa Kivu. Wachache tu ndio wanaojua kwamba neno hilohilo la Kiswahili, pombe, ni sehemu ya jina rasmi la kiumbe kinachochunguzwa katika maabara za dunia nzima.

Mwaka 1893, Paul Lindner wa Berlin alichunguza pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akakuta humo hamira asiyoijua. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Mwaka uliofuata msafiri wa Kijerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu, na baadaye Rwanda ikaingizwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vitabu vinamtaja Lindner. Ujuzi wa kuchachusha nafaka ulikuwa wa watu wetu, na hilo nalo liandikwe.

Hamira ya kawaida huchipuza kitoto ubavuni. Hii hurefuka kama kijiti hadi maikromita 14 hivi, kisha hujikata katikati, kwa hiyo urefu wake hukuonyesha imefikia wapi katika maisha yake. Urs Leupold alianza kuchunguza urithi wake katika miaka ya 1940, na Murdoch Mitchison wa Edinburgh akapima ukuaji wake kuanzia miaka ya 1950. Hukohuko Edinburgh, katika miaka ya 1970, Paul Nurse alipata seli zilizogawanyika zikiwa na nusu tu ya ukubwa wa kawaida: jeni moja ilikuwa imeharibika. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Je, na viungo vilivyo ndani ya seli, kiini kwa mfano, hujuaje pa kukomea kukua? Wengi walidhani wingi wa DNA ndio unaoamua. Mwaka 2007 Frank Neumann na Nurse walizidisha DNA ya hamira hii hadi mara 16, na bado kiini kikabaki takriban asilimia 8 ya seli. Katika seli zenye viini kadhaa, kila kiini kilikua kwa kadiri ya saitoplazimu iliyokizunguka. Kiini kilichozidi kilisimama kukua mpaka seli ikifikie. Kilichopungua kilikua upesi. Mwaka 2022 kundi la Fred Chang, San Francisco, lilionyesha sababu: maji hupita kwenye utando wa kiini, na molekuli kubwa zilizo ndani na nje yake huyavuta maji hayo, kila upande kwake, mpaka nguvu zao zilingane. Kwangu mimi, hili ndilo zuri kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa kazi tuliyodhani inahitaji msimamizi inafanywa na maji.

Nalo neno pombe ni la Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Walimu wa baiolojia wa hapa wilayani Rubavu, mkifika kwenye somo la seli, anzeni na hamira hii, na muwaandikie wanafunzi jina lake lote ubaoni.