Kibarua, Kipande na Kiinua Mgongo: Habari ya Haki za Wafanya Kazi katika Bonde la Kilombero

Mtu atakaye kuijua historia ya kazi ya ujira katika nchi yetu hana budi kuyatazama kwanza maneno ambayo kazi hiyo iliyaacha katika lugha. Kibarua asili yake ni barua ndogo: hati aliyopewa mtu wa kutwa ili siku yake ihesabiwe, hata jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe. Manamba ni namba. Aliyeandikwa kwenda mashamba ya katani alitoka kwao ana jina, akafika kule ana tarakimu. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi, nayo ilikuwa bubu mpaka imekwisha kujazwa. Maneno matatu haya hayamtaji mtu, yanataja kitu alichoandikiwa. Kiinua mgongo ni neno la ukoo mwingine: linakiri kwamba mgongo ulikuwapo, na kwamba uliinama. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba sheria zetu za kazi zimekwenda polepole kutoka maneno yale matatu kuelekea hili la nne, na kwamba katika Bonde la Kilombero safari hiyo haikumfikisha kila mtu.

Bonde hili, lenye Ifakara kuwa mji wake mkuu, zamani lilijulikana kwa mpunga na samaki kuliko kwa mshahara. Watu wake waliijua kazi ya shuruti mapema: Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo pamba ya lazima ilikuwa mojawapo ya sababu zake, vilifika Ifakara na Mahenge. Waingereza walipokuja kutawala walitunga mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Jina lake latosha kuieleza. Mtumishi aliyetoroka kazi hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu, kama mfanya biashara asiyelipa deni. Alihesabiwa mhalifu, akafungwa. Idara ya Kazi iliundwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, ikafutwa mwaka 1931 fedha zilipopungua, ikarudishwa baadaye. Mambo yanayofutwa kwanza wakati wa dhiki hutuambia yalithaminiwa kiasi gani.

Baada ya vita vya pili vya dunia hali ilianza kugeuka. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ilitungwa mwaka 1948. Mwaka 1955 ulileta mambo mawili pamoja: Shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Tanganyika, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake mkuu, na sheria mpya ya ajira iliyoondoa ile ya 1923. Sheria hii mpya ilimweleza kibarua kuwa ni mtu alipwaye kila jioni, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Naomba msomaji auweke moyoni ufafanuzi huo. Kwa macho ya sheria, kibarua huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Hata akirudi shambani siku 300 mfululizo, kila siku ni mtu mpya, na mtu mpya hana utumishi wa kuhesabiwa.

Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ndipo Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilipoanzishwa upande wa Kidatu, kaskazini ya Ifakara, kando ya mto Ruaha Mkuu. Kampuni ya Kidachi ya HVA, iliyokwisha kupoteza mashamba yake Indonesia, ilipewa kuiendesha, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1962. Basi kiwanda na sheria za taifa huru ni marika. Mwaka ule ule wa 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo. Na pamoja nayo ilitungwa sheria ya migogoro ya kazi, iliyoufunga mgomo kwa masharti hata ukawa shida kufanyika kwa halali. Januari 1964 askari waliasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi wakatiwa kizuizini, na Shirikisho likavunjwa. Mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Ilhali mwaka huo huo mfanya kazi alipata mfuko wa taifa wa akiba, na sheria ya usalama wa ajira iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi. Makosa na adhabu ziliandikwa, na kamati za wafanya kazi zikapewa sauti katika jambo hilo.

Wako wanaoziita sheria hizo zawadi, na wako wanaoziita bei iliyolipwa ili kununua kimya. Mimi naona ni vyote viwili, wala moja halifuti jingine. Mlinzi wa haki alikuwa serikali. Lakini mashamba yalipotaifishwa, mwajiri naye akawa serikali, na chama cha kumsemea mfanya kazi kilikuwa mikononi mwa serikali. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi, na wafanya kazi sehemu nyingi waliusoma kwa uzito kuliko walivyotazamia waandishi wake, wakaweka zana chini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kupita Mang'ula, Ifakara na Mlimba kati ya 1970 na 1975, ilileta maelfu ya vijana wa kazi katika bonde. Kazi ilipokwisha wengi wao waliachwa na ujuzi bila ajira.

Julai 1986 wafanya kazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero waligombana na uongozi juu ya malipo. Kikosi cha Kutuliza Ghasia kikaitwa, na watu wanne wakauawa kwa risasi. Twapaswa kulitazama jambo hili bila kulipamba. Sheria ya wakati ule iliwaelekeza kwenda katika mahakama ya kudumu ya kazi, iliyoundwa mwaka 1967, wala haikuwaachia nafasi ya kugoma kwa halali. Kwa hiyo walioweka panga chini walikuwa wavunja sheria kabla hawajasema wanataka nini. Haki zilizotolewa mwaka 1964 zilikuwa haki za mtu mmoja mmoja. Haki ya wengi kukataa kwa pamoja haikuwamo.

Mwaka 1998 kampuni ilibinafsishwa, ikaongozwa na Illovo ya Afrika Kusini, na serikali ikabaki na robo ya hisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilirudisha haki ya kugoma kwa utaratibu, kwanza usuluhishi, kisha taarifa ya saa 48. Iliweka pia likizo ya siku 28, siku 84 za uzazi, na kiinua mgongo cha ujira wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, usiozidi miaka kumi. Huyu wa msimu, akataye miwa tangu masika iishapo mpaka mvua zirudipo, alikumbukwa katika likizo. Katika kiinua mgongo hakukumbukwa: sharti ni miezi 12 mfululizo, na miwa haikatwi miezi 12. Mtu aweza kuinama misimu 15 katika shamba moja, na mbele ya kifungu hicho hajainama hata mwaka mmoja.

Tena miwa mingi siku hizi ni ya wakulima wadogo, na mkataji huletwa na chama chao au na mkandarasi. Akiulizwa mwajiri wako nani, ajibu nini? Mwenye shamba hamjui, kiwanda chanunua miwa tu, na mkandarasi msimu ujao huenda akawa mwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, yasema kwamba amfanyiaye mwingine kazi chini ya amri yake, au amtegemeaye kwa riziki, adhaniwe kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho kina nguvu kuliko vingi vinavyosifiwa, maana kinamwondolea mkataji mzigo wa kuthibitisha na kumtwika mwenye kumtumia. Lakini hufanya kazi mbele ya msuluhishi, na mkataji afike huko ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, muda ambao kwa kawaida anautumia kurudi kwao kulima.