Kompyuta Haioni Chini ya Ardhi



Sumu iliyofukiwa ardhini haionekani, na wala haikai mahali ilipofukiwa. Husafiri na maji chini kwa chini, polepole, miaka nenda miaka rudi, mpaka itokee kisimani kwa mtu asiyejua lolote. Wiki hii tutazame jinsi kompyuta ilivyokabidhiwa kazi ya kuisaka.

Tuanzie Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, nchini Marekani. Kati ya mwaka 1942 na 1953 kampuni ya Hooker ilifukia hapo zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali, kisha ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola 1 tu. Shule ikajengwa, na nyumba zikaongezeka. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya hatari, na familia zilizokuwa karibu zaidi zikahamishwa. Desemba 1980 akatia saini sheria ijulikanayo kama Superfund, ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa na kuwadai gharama walioichafua.

Sheria ilipatikana, lakini swali likabaki: visima vya kuvuta maji machafu vichimbwe wapi, na kazi itachukua miaka mingapi? Hapo ndipo kompyuta ilipoitwa. Mwaka 1984 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilitoa programu iitwayo MODFLOW. Programu hiyo huigawa ardhi katika vyumba vidogo vidogo, mfano wa trei ya mayai, kisha hupiga hesabu ya maji yanayoingia na kutoka katika kila chumba. Hesabu nyingine huongezwa juu yake kufuata mwendo wa kemikali.

Hata hivyo, ardhi si trei ya mayai. Mwaka 1992 wataalamu Leonard Konikow na John Bredehoeft walionya kwamba modeli ya namna hiyo yaweza kupimwa na kukutwa na kosa, lakini haiwezi kamwe kuthibitishwa kuwa ndiyo kweli yenyewe. Mwaka 1994 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likatoa ripoti juu ya maeneo 77 ambako maji yalikuwa yakivutwa na kusafishwa. Katika maeneo 69, lengo lilikuwa bado halijafikiwa. Sumu ilijibanza katika udongo wa mfinyanzi na nyufa za miamba, ikivuja kidogo kidogo.

Je, tuitupe kompyuta? La hasha. Bila hesabu, mtu huchimba kwa kubahatisha, na fedha za umma huishia shimoni. Lakini namba ikishachapwa karatasini huonekana kama hukumu, na anayetaka kukwepa gharama huishikilia kwa mikono miwili. Kwa hiyo mwananchi anayekunywa maji ya kisima ana haki ya kuuliza: vipimo vilichukuliwa wapi? Nani atarudi kupima tena? Na hesabu ikikosea, nani atakayelinywa kosa hilo?

Kuuliza si ujinga. Hadi wiki ijayo, kwaheri.